Nani Bingwa wa Jembe? Rekodi za Vyuo vya Kilimo, Kuanzia Njia Panda ya Kisian

Ukitoka Kisumu mjini kuelekea magharibi, ukaupita uwanja wa ndege na soko la Otonglo, barabara inafika Kisian na kugawanyika. Moja inapanda hadi Maseno na kuendelea mpaka Busia. Nyingine inashika upande wa ziwa kuelekea Bondo. Ukichagua yoyote kati ya hizo mbili, utafika kwenye chuo kikuu kinachofundisha kilimo: Maseno kwa huku, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, JOOUST, kwa kule. Sijui njia panda nyingine ya matatu nchini Kenya inayokupa uchaguzi kama huo.

Kwa hiyo pambano letu linaanzia hapa. Tunatafuta vinara wa vyuo vya kilimo: aliyetangulia, mwenye ardhi nyingi, aliyekimbia, mwenye adui mbaya zaidi. Vipimo ni vya kwetu: uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68, matatu ya abiria 14, gunia la mahindi la kilo 90, na uwanja wa Mamboleo unaobeba watu 30,000. Filimbi imelia.

1. Mkongwe kuliko wote

Kwa Kenya, taji halina mjadala. Egerton, kule Njoro, ilianzishwa mwaka 1939 na Bwana Maurice Egerton wa Tatton, tajiri wa Kiingereza aliyetoa ekari 740 ili vijana wa Kizungu wafundishwe ukulima. Inajitambulisha kama taasisi kongwe zaidi ya elimu ya juu nchini. Mzee huyo huyo alikuwa akijijengea kasri la vyumba zaidi ya 50, akiishi humo karibu peke yake. Chuo kimewafaa watu wengi kuliko kasri.

Ukivuka mpaka, Egerton inavuliwa taji. Makerere ilifungua milango mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Kumi na wanne! Matatu moja tu, bila hata wa kusimama. Kilimo, tiba na mifugo viliongezwa baadaye. Ukishuka mpaka Tanzania unakuta mzee zaidi, ingawa huyu alikuwa wa utafiti, hakuwa chuo: Wajerumani walifungua taasisi ya kilimo na elimu ya viumbe Amani, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1902.

Ulimwenguni? Hapo hatuna la kujibu. Chuo cha Cirencester, Uingereza, ni cha mwaka 1845. Hohenheim, Ujerumani, ni cha 1818. Na Georgikon, kilichofunguliwa Keszthely, Hungaria, kilianza mwaka 1797. Wanafunzi wa kwanza wa Georgikon walipokuwa wakijifunza kupima udongo, reli ilikuwa bado miaka 104 kabla ya kufika Kisumu.

Lakini tusiondoke mikono mitupu. Keszthely nayo iko kando ya ziwa, Balaton, lenye kilomita za mraba 592, na Wahungaria wanalionea fahari kubwa. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800. Balaton inaingia humo mara 116. Ukongwe ni wao; maji ni yetu.

2. Mwenye ardhi nyingi zaidi

Mwaka 1958 Egerton iliongezewa ekari 1,100 juu ya zile 740. Jumla ni 1,840. Geuza hizo kuwa viwanja vya mpira, unapata 1,043. Ligi ya timu 2,000 ingeweza kucheza siku moja, saa moja, na bado kukabaki mahali pa kuegesha magari.

Kipimo kinachouma zaidi kiko jirani ya Maseno. Kaunti ya Vihiga, kwa sensa ya 2019, ilikuwa na watu 1,047 katika kila kilomita ya mraba. Kwa msongamano huo, zile ekari za Egerton zingekuwa makao ya watu karibu 7,800, pamoja na ng'ombe wao, migomba yao na kesi zao za mipaka.

JKUAT ya Juja ilianza na hekta 200 zilizotolewa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1977. Hizo ni viwanja 280, yaani kidogo zaidi ya robo ya Egerton. Ila mbele ya Pantnagar wote wawili wanakaa benchi. Hicho ni chuo kikuu cha kwanza cha kilimo nchini India, kilichozinduliwa na Nehru mwaka 1960, na kina zaidi ya ekari 10,000. Viwanja 5,600 na ushei.

3. Mwenye mbio zaidi

Hapa ndipo utamu ulipo. Swali ni hili: tangu mlango ufunguliwe mpaka taasisi iwe chuo kikuu kamili, ilichukua miaka mingapi?

Egerton: 1939 hadi 1987, miaka 48. Ilipita hatua zote za ngazi. Shule ya wakulima, kisha chuo cha cheti na stashahada kuanzia 1950, kisha upanuzi mkubwa wa mwaka 1979 uliofadhiliwa na serikali ya Kenya pamoja na Marekani kupitia USAID. Sokoine ya Morogoro: chuo cha kilimo mwaka 1965, kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka michache baadaye, chuo kikuu kamili Julai 1984. Miaka 19. Kilipewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili mwaka huo huo, mkoani humo humo. JKUAT, iliyoanza 1981 kwa msaada wa Japani ikiwa chuo cha kati, ilifika 1994. Miaka 13. Maseno, iliyozaliwa 1990 kwa kuunganisha chuo cha ualimu cha Siriba na taasisi ya serikali iliyokuwa jirani yake, ilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi hadi 2001. Miaka 11.

Halafu anakuja kijana wa Bondo. Mwaka 2009 majengo ya chuo cha ualimu yaligeuzwa kuwa chuo kishiriki cha Maseno. Februari 2013, Rais Mwai Kibaki alikabidhi hati na JOOUST ikasimama kwa miguu yake. Miaka 4! Mwanafunzi aliyejiunga mwaka wa kwanza kabisa angeweza kuingia kwenye chuo kishiriki na kutoka kwenye chuo kikuu bila kubadilisha kitanda.

Wapenda ubishi watasimama hapa na kudai nafasi. Wana haki. Egerton iligeuzwa kuwa chuo kishiriki cha Nairobi mwaka 1986, na mwaka 1987 Bunge likaipitisha kuwa chuo kikuu. Ukihesabu hatua hiyo ya mwisho peke yake, yule kobe wa miaka 48 alimaliza mzunguko wa mwisho kwa takriban mwaka 1 na kuwapita wote. Mimi nampa JOOUST dhahabu ya mbio nzima, na Egerton dhahabu ya kufyatuka karibu na utepe.

4. Darasa lenye mavuno mengi zaidi

Mstari wa ikweta una urefu wa kilomita 40,075, na sehemu kubwa yake ni bahari. Kwenye sehemu chache zenye udongo, mstari huo unapita Maseno, yapata kilomita 25 kutoka Kisumu. Chuo hujinadi kuwa chuo kikuu pekee duniani kilichojengwa juu ya mstari huo.

Wengine huishia kupiga picha kwenye bango. Mtu wa kilimo anaona kitu kingine. Huku mchana ni wa saa 12 Januari na wa saa 12 Julai, na mvua huja mara mbili: chwiri, ile ndefu ya kuanzia Machi, na opon, ile fupi ya mwisho wa mwaka. Jaribio la mahindi lililoharibika msimu wa kwanza hurudiwa mwaka huo huo. Kwa shahada ya miaka 4, mwanafunzi wa Maseno ana misimu 8 ya kupanda. Mwenzake wa Cirencester, ambaye baridi humfungia shamba kila mwaka, ana misimu 4 ya mahindi. Wazee wa Georgikon wametutangulia miaka 142 mbele ya Egerton, sawa, lakini kwa hesabu ya mavuno tunawafukuza kwa mwendo maradufu.

5. Mboga iliyodharauliwa zaidi

Osuga, dek, apoth, boo, mchicha. Kwa miaka mingi hizi zilikuwa mboga za uani, za mama mkwe, huku mtaala ukisifu kabichi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango ndiye aliyezipeleka maabara. Aliianza kazi hiyo miaka ya 1990 akiwa Maseno, akaendelea JKUAT, na mwaka 2014 akatunukiwa Medali ya Edinburgh.

Matokeo uwanjani: gramu 100 za mchicha mbichi zina kalisi miligramu 215 hivi. Kabichi ina 40. Ni mabao 5 kwa 1, na hatujagusa madini ya chuma, ambako kabichi hupigwa vilevile. Baadhi ya mboga hizi huchumwa wiki 3 au 4 baada ya kupandwa. Kabichi wakati huo ndiyo kwanza inajifunza kujikunja.

6. Adui mwenye uzao mkubwa zaidi

Sasa ondoka Kisian kwa barabara ya Bondo, fika Ndori, kata kwenda Luanda K'Otieno, panda feri, shuka Mbita. Huko ndiko pambano kali kuliko yote katika makala haya lilikopiganwa, na adui ana maua mazuri ya zambarau.

Wajaluo wanamwita kayongo. Wataalamu wanamwita striga. Ni kwekwe asiyeshindana na mahindi juu ya ardhi kama magugu ya heshima. Anajishika kwenye mizizi na kunyonya. Mmea mmoja hutoa mbegu 50,000, na wengine huvuka mara kadhaa ya hapo. Ungezipa viti mbegu hizo, Mamboleo ingejaa na 20,000 wangebaki nje wakigonga lango. Kila moja ni ndogo kama chembe ya vumbi, na inaweza kulala ardhini miaka hadi 20 ikisubiri mzizi wa mahindi upite. Mtoto aliyezaliwa mwaka mbegu ilipoanguka anaweza kuingia chuo kikuu kabla mbegu haijaamka.

Mshindani aliyepanda ulingoni ni kituo cha utafiti wa wadudu, icipe. Mwanzilishi wake, Profesa Thomas Odhiambo, ana wasifu unaozunguka ziwa zima: mwanafunzi wa shule ya Maseno, kisha Makerere, kisha Cambridge, kisha mkuu wa kwanza wa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Icipe aliianzisha mwaka 1970, na kituo cha Mbita leo kina jina lake.

Hapo Mbita, timu ya mtafiti Zeyaur Khan ikishirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, na watafiti wa kilimo wa Kenya, ilikuwa ikimsaka adui mwingine kabisa, mdudu aitwaye funza wa mabua. Walipanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi ili harufu yake imfukuze nondo anayemzaa funza huyo, na matete pembeni ili yamvute. Njia hiyo inaitwa vuta-sukuma. Mdudu alishindwa. Lakini shambani waliona jambo ambalo hawakulitafuta: kayongo naye alikuwa akitoweka. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kayongo na nyingine zinazomzuia kujishika. Anaamka, hapati mzizi, anakufa. Miaka 20 ya kuvizia inaishia hapo, na mkulima hajanunua hata chupa moja ya dawa.

Alama za mwisho: mashamba yaliyokuwa yakitoa tani 1 ya mahindi kwa hekta yalifika tani 3.5. Kwa lugha ya ghala, kutoka magunia 11 hadi magunia 38 na zaidi. Juu yake, ng'ombe anakula matete na desmodiamu. Ukitaka kumtaja mwanamichezo mwingine aliyewahi kumpiga kayongo, ni Gebisa Ejeta wa Ethiopia, aliyezalisha mtama unaomhimili na kutwaa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Yeye alimpiga kwa mbegu, Mbita walimpiga kwa jirani. Mimi niko upande wa Mbita, na sitaki kujadiliana.

7. Rekodi iliyovunjwa kwa tofauti ndogo zaidi

Mei 1964, maji ya Ziwa Victoria yalifika mita 13.41 kwenye kipimo cha Jinja. Rekodi hiyo ilikaa miaka 56. Mei 2020 yakafika mita 13.42. Sentimita 1! Mtu wa riadha angedai picha ya utepe. Mkulima wa ufuoni hakuhitaji picha: maji yalikuwa yameingia mashambani na majumbani. Shamba likigeuka ziwa, somo linalobaki ni samaki, na vizimba vya kufugia sato vinavyoelea upande wa Siaya ni darasa tosha.

8. Mfugo mdogo zaidi

Rudi Bondo. Benki ya Dunia ilipotenga zaidi ya dola milioni 140 kwa vituo 24 vya umahiri katika nchi 8 za mashariki na kusini mwa Afrika, Kenya ilipata 3: kimoja Egerton, kimoja Moi, kimoja JOOUST. Vingine viliomba fedha za dawa, nguo, mabadiliko ya tabianchi. Bondo waliomba fedha za wadudu wa kuliwa. Wakapewa!

Usicheke kabla ya hesabu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2013 kwamba ng'ombe huhitaji kilo 8 za malisho ili aongeze kilo 1 ya uzito, na wadudu kilo 2. Chukua gunia moja la kilo 90. Mpe ng'ombe, utapata kilo 11 na robo. Wape nyenje, utapata kilo 45, na nyenje anakaa kwenye ndoo, haombi zizi wala mchungaji. Shirika hilo hilo lilihesabu aina zaidi ya 1,900 za wadudu wanaoliwa, na watu bilioni 2 wanaowala.

Kwetu huku haikuwa habari. Bukoba wana senene. Siaya wana ng'wen, kumbikumbi wanaotoka mvua ikikatika, na mtoto yeyote anajua kuziba mashimo ya kichuguu akaacha moja. Kipya ni kwamba mdudu sasa ana maabara, mtaala na wanafunzi wa uzamivu. Unga wa nyenje unaingia kwenye biskuti na uji, na wadudu wengine wanaingia kwenye chakula cha kuku na samaki. Chuo kilichokimbia kuliko wote ndicho kimechagua mfugo mdogo kuliko wote. Napenda ulingano huo.

9. Mhitimu mwenye rekodi ya dunia

Na sasa bingwa wa mabingwa. Chuo kimoja tu katika orodha hii kimetoa mshikiliaji wa rekodi ya Guinness kwa kunusa, na si JOOUST, si Egerton. Ni Sokoine, na mhitimu mwenyewe ana mkia.

Tangu mwaka 2000, shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji, limepiga kambi kwenye chuo hicho huko Morogoro likiwafunza panya buku kutambua mabomu ya ardhini. Kwa nini panya? Kifaa cha kutafuta chuma hulia kwenye kila msumari na kila kifuniko cha soda. Panya hanusi chuma, ananusa baruti. Na ni mwepesi kiasi kwamba akikanyaga bomu halilipuki. Mshahara ni ndizi na karanga.

Magawa, aliyezaliwa chuoni hapo Novemba 2013, alikuwa na uzito wa kilo 1.2 na urefu wa sentimita 70. Kule Kambodia aliweza kukagua eneo la uwanja wa tenisi kwa dakika 20. Mtu mwenye kifaa angetumia siku 1 hadi 4. Alipostaafu alikuwa amesafisha zaidi ya mita za mraba 225,000, viwanja 31 vya mpira, na kukuta mabomu ya ardhini 71 na mengine 38 ambayo hayakuwa yamelipuka. Mwaka 2020 shirika la wanyama la PDSA la Uingereza lilimvisha medali ya dhahabu. Kwa miaka 77 ya kutuza wanyama, lilikuwa halijawahi kumpa panya.

Wenzake waliobaki Morogoro wanapimana na adui mwingine, kifua kikuu. Panya mmoja hupitia sampuli 100 za makohozi kwa dakika 20. Mtaalamu mwenye darubini huhitaji siku 4.

Ungedhani Magawa hashikiki. Agosti 2019 alizaliwa Ronin, Morogoro pia, akapelekwa mkoa wa Preah Vihear, Kambodia, mwaka 2021. Aprili 2025 Guinness wakatangaza: mabomu ya ardhini 109, pamoja na vilipuzi vingine 15. Jumla 124. Hakuna panya mwingine duniani aliyefika hapo, na rekodi ilipotangazwa Ronin alikuwa bado kazini.